Muhuri wa Halali Katika Mkate Wetu: Nani Shahidi, na Ameona Nini?

Ndugu msomaji, katika mtaa wetu, hapa jijini Dar es Salaam, yuko mama mmoja anayejipatia riziki kwa kuoka keki. Hana kiwanda. Ana oveni moja, meza moja ndefu, na binti mmoja wa kumsaidia siku za Ijumaa na Jumamosi, ambazo ndizo siku za arusi. Kazi yake ni safi, na sifa zake zimevuka mitaa mitatu.

Jumamosi moja alifikiwa na wageni: kijana aliyekuwa karibu kuoa, dada yake, pamoja na bibi yao. Bibi alipewa kiti, akaamkiwa, akaitikia marahaba, kisha akakaa kimya akiwasikiliza vijana wakichagua rangi na ukubwa. Bei ilipokwisha kupatana, ndipo alipofungua kinywa.

“Mwanangu, keki hii mna nini ndani yake?”

“Bibi, mna unga, mayai, siagi, sukari, maziwa kidogo na arki ya vanila.”

“Na hilo vazi jeupe mnaloivika, linalovutika kama mpira?”

Mwokaji akanyamaza. Vazi lile alikuwa akilinunua Kariakoo, likiwa tayari katika ndoo ya plastiki iliyotoka ng’ambo. Miaka yote hiyo hakuwahi kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa ndoo. Akasema kweli: “Hilo, bibi, silijui.”

Bibi hakukasirika wala hakumkaripia. Alisema tu, “Ahsante, mwanangu, kwa kutonidanganya. Basi tutarudi.” Wakaondoka, na keki ya arusi ile ikaokwa kwingine.

Niliposimuliwa habari hii sikucheka, kwa maana nilijiuliza mimi mwenyewe: hivi mkate ninaoukata kila asubuhi, nikawapa watoto kabla ya shule, ninajua umetiwa nini? Nawe, msomaji, jiulize swali hilo hilo. Mwislamu anauliza kwa sababu ya sheria ya dini yake. Lakini Msabato, ambaye naye hali nguruwe, anauliza pia. Na jirani Mhindu asiyegusa nyama ya ng’ombe anauliza vilevile. Na yule asiyekatazwa chochote bado ana wageni, ana majirani, ana wakwe. Siku atakapowatandikia meza, heshima yake itakuwa juu ya sahani ile.

ZAMANI MACHO YALITOSHA

Misingi ya sheria ya chakula katika Uislamu si mingi, na kila mtoto wa chuoni huisikia mapema. Surat al-Baqara, katika aya ya 168, inawaita watu wale vilivyo halali na vizuri. Aya ya 173 ya sura hiyo, na aya ya 3 ya Surat al-Maida, zinakataza mzoga, damu, nyama ya nguruwe na kilichochinjwa kwa jina la asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Aya ya 90 ya al-Maida inakataza ulevi. Vilivyobaki, asili yake ni ruhusa.

Kwa msingi huo, hapo zamani swali la halali na haramu lilikuwa ni swali la nyama. Watu waliuliza: nani kachinja, na kachinja vipi? Mkate haukuulizwa. Unga wa ngano, maji, chumvi na hamira. Mwenye macho haambiwi tazama. Andazi lilikandwa mbele yako, likakaangwa mbele yako, likafungwa katika gazeti la jana. Mkate wa kumimina ulitiwa mchele, nazi, sukari na iliki, na nazi yenyewe ulisikia ikikunwa. Shahidi alikuwa wewe mwenyewe.

Lililobadilika ni kiwanda. Mkate wa siku hizi unatakiwa ukae rafuni siku kadhaa bila kukauka. Biskuti inatakiwa ivuke bahari bila kuvunjika. Keki inatakiwa ifike Mwanza au Mbeya ikiwa laini kama ilivyotoka tanurini. Kazi hiyo haifanywi na unga na maji peke yake. Inafanywa na vitu vidogo vidogo vinavyotiwa kwa gramu katika magunia ya unga, navyo huandikwa kwenye karatasi ya mkate kwa herufi ndogo, pengine kwa namba tupu. Hapo ndipo macho yaliposhindwa, na hapo ndipo mahali pa shahidi mwingine palipopatikana.

VITU VIDOGO VILIVYOMO

Tuvitazame vichache, maana bila kuvijua hatuwezi kujua muhuri unashuhudia nini.

Kwanza ni mafuta. Katika nchi za Ulaya na Marekani, mafuta ya nguruwe yalikuwa kwa muda mrefu mafuta ya kawaida ya kuokea, kwa kuwa huifanya biskuti na gamba la pai kuwa jororo. Ukiona katika orodha neno la Kiingereza “lard”, fahamu kwamba ndiyo hayo. Siku hizi viwanda vingi hutumia mafuta ya mawese, alizeti au soya, lakini neno “mafuta” likiandikwa peke yake halikwambii yametoka wapi.

Pili ni kile kinachoandikwa E471. Hiki ni kitu kinachoyapatanisha mafuta na maji, ambavyo kwa asili havipatani, nacho huufanya mkate ubaki laini. Hupatikana katika mikate, majarini na malai ya barafu. Hutengenezwa kutokana na mafuta, na mafuta hayo yaweza kuwa ya mimea, ya ng’ombe au ya nguruwe. Namba ni ile ile kwa yote matatu. Huu ni mfano mzuri wa jambo ambalo hata msomi wa kemia, akishika karatasi ya mkate mkononi, hawezi kuliamua. Majibu yamo katika vitabu vya kiwanda, na katika barua ya yule aliyekiuzia kiwanda mafuta.

Tatu ni E920, inayoitwa sisteini. Kazi yake ni kulegeza kinyunya ili kikandike upesi na mashine ziende mbio. Yaweza kutolewa katika manyoya ya bata au katika nywele za binadamu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimepiga marufuku kutumia nywele za binadamu kwa sisteini ya chakula. Siku hizi iko pia sisteini inayopatikana kwa kuchachusha vijidudu, bila nywele wala manyoya. Namba bado ni moja.

Nne ni geletini, na hii ndiyo iliyomponza jirani yangu. Geletini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Huko Ulaya sehemu kubwa yake hutokana na ngozi ya nguruwe. Iko pia ya ng’ombe na ya samaki. Hutiwa katika peremende laini za watoto, katika krimu za keki, katika maziwa ya mtindi ya kikombe, na mara nyingi katika lile vazi jeupe linalovutika kama mpira.

Tano ni arki. Arki ya vanila iliyokamuliwa kutoka katika maganda yenyewe huhifadhiwa katika kilevi. Sheria ya Marekani inataka isiwe na kilevi pungufu ya asilimia 35 ndipo iitwe kwa jina hilo. Arki nyingine hutengenezwa kwa maji au kwa mafuta mazito ya gliserini. Hapa pana jambo la kuangalia: hamira nayo hutoa kilevi kidogo kinyunya kinapoumuka, na sehemu kubwa yake hupotea kwa moto wa tanuri. Wanazuoni hawakuuharamisha mkate kwa ajili hiyo, kwani hakuna aliyelewa kwa mkate, wala hakuna aliyekusudia kutengeneza kileo.

Na sita ni chombo. Burashi za kupaka siagi juu ya mikate nyingine hutengenezwa kwa manyoya magumu ya nguruwe. Nchini Malaysia, amri ya mwaka 2013 inataka kila bidhaa iliyotengenezwa kwa kiungo cha nguruwe au mbwa iandikwe waziwazi, na mwezi Februari 2017 wakaguzi wa huko walikamata madukani burashi zaidi ya 2,000 zilizokosa maandishi hayo. Mkate waweza kuwa safi kwa kila kilichomo ndani, ukaharibiwa na kilichoupapasa juu.

MUHURI NI USHAHIDI

Maadamu mlaji hawezi kuingia kiwandani kila siku, imebidi aingie mtu kwa niaba yake. Hiyo ndiyo maana ya cheti cha halali, wala hakina maana nyingine. Huko Singapore, Baraza la Kiislamu lilianza kutoa vyeti hivyo mwaka 1978. Indonesia ilishtushwa mwaka 1988 na habari zilizotoka kwa mtafiti wa chuo kikuu katika mji wa Malang, kwamba vyakula kadhaa vya madukani vina asili ya nguruwe. Watu wakaacha kununua hata vile visivyo na kosa. Ndipo tarehe 6 Januari 1989 Baraza la Maulamaa la nchi hiyo likaunda chombo cha kuchunguza vyakula. Mwaka 1997, Tume ya Codex, ambayo ni ya Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya Chakula na ya Afya, ilitoa mwongozo wa kutumia neno “halali” katika biashara ya vyakula.

Mwongozo huo hautazami kilichomo peke yake. Unataka chakula kisiguse kilichokatazwa wakati wa kutengenezwa, kuchukuliwa na kuwekwa ghalani. Unaruhusu kiwanda kimoja kuwa na sehemu mbili, ya halali na isiyo ya halali, iwapo imehakikishwa kwamba havikutani. Na mitambo iliyotumika kwa kisicho halali yaweza kutumika tena ikisafishwa kwa utaratibu wa sheria.

Kazi ya mkaguzi, basi, huenda hivi. Mwenye kiwanda hupeleka orodha ya kila kitu anachotumia, tangu unga hata mafuta ya kulainishia mikanda ya mashine. Kwa kila kitu chenye shaka huambatisha barua ya aliyemuuzia. Mkaguzi huja kuona kwa macho: ghala, mabakuli ya kukandia, vyombo, maji, hata jiko la wafanyakazi. Huchukua sampuli ikapimwa maabara. Akiridhika, cheti hutolewa kwa muda maalumu, kwa jina la bidhaa iliyokaguliwa na mahali ilipokaguliwa. Muda ukiisha, ukaguzi huanza upya.

Sasa, msomaji, shahidi yeyote thamani yake ni kile alichokiona. Kilichotokea Indonesia mwishoni mwa mwaka 2000 na mwanzoni mwa 2001 ni funzo kwa dunia nzima. Kiwanda kimoja kikubwa cha unga wa kukolezea mchuzi kilikuwa na cheti. Unga ule hutengenezwa na vijidudu, na vijidudu hulishwa chakula chao. Kiwanda kilibadili chakula hicho, kikachukua kingine cha soya ambacho katika kutayarishwa kwake kilitumiwa kimeng’enya cha nguruwe. Ulipofika wakati wa kukagua upya, jambo likajulikana, na mwezi Januari 2001 unga ule ukaondolewa madukani. Rais wa nchi wakati huo, Abdurrahman Wahid, ambaye naye alikuwa mwanachuoni, alisema kwamba yeye anauona ni halali, kwa kuwa mwisho wake hamna nguruwe. Baraza la Maulamaa likashikilia kwamba njia iliyopitwa nayo ina hukumu yake. Lililo muhimu kwetu ni hili: cheti kilikuwa cha kweli siku kilipotolewa. Uongo uliingia siku ya kubadili mfuko.

Kinyume chake kilionekana Malaysia mwezi Mei 2014. Wizara ya Afya ilitangaza kwamba chokoleti za aina mbili zimeonekana na dalili za nguruwe. Watu walichachamaa, wengine wakataka kiwanda kifungwe. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Juni, idara ya serikali inayotoa vyeti vya halali ilisema kwamba sampuli 11 ilizochukua yenyewe kiwandani zimepimwa, na hapana hata moja iliyoonekana na dalili hizo. Kwa hiyo upimaji nao una taratibu zake: inapasa ijulikane sampuli imechukuliwa wapi, na nani, na ilikuwa imefungwa au imefunguliwa. Kabla ya maswali hayo kujibiwa, kelele si ushahidi.

KWA NINI MIHURI HAIFANANI

Pengine umewahi kuona bidhaa mbili zenye mihuri ya nchi mbili, ukaambiwa huu unakubaliwa na ule haukubaliwi. Usidhani mara moja kwamba yuko aliyehongwa. Mara nyingine ni hitilafu ya elimu.

Chukua geletini. Wanazuoni wanakubaliana kwamba mvinyo ukigeuka wenyewe kuwa siki, siki hiyo ni halali. Kitu kimegeuka kabisa na hukumu yake imegeuka. Je, ngozi ya nguruwe ikichemshwa na kutiwa dawa hata ikawa geletini, imegeuka kabisa, au ni ngozi ile ile iliyobadili sura? Mwaka 1986, Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, ilikutana Amman ikatoa azimio kwamba geletini ya nguruwe haifai kwa chakula cha Mwislamu, na kwamba ile ya mimea na ya wanyama waliochinjwa kisheria inatosha. Mwezi Mei 1995, semina ya wanazuoni na matabibu iliyofanyika Kuwait ikasema kwamba mgeuko ule ni kamili na kitu kimetoharika. Pande zote mbili ni watu wa elimu.

Waislamu wengi wa Kisunni wa mwambao wetu hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, nayo katika jambo la nguruwe ni kali: hata chombo kilichoguswa nacho, kikiwa na unyevu, huoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa hiyo yule bibi wa arusi hakuwa mkaidi. Alikuwa akishika aliyofundishwa, na aliyofundishwa yana misingi.

KWETU AFRIKA MASHARIKI

Hapa Tanzania, Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, lililoundwa mwaka 1968, hutoa vyeti vya halali. Uganda kazi hiyo hufanywa na Baraza Kuu la Waislamu la nchi hiyo, na Kenya iko ofisi maalumu ya vyeti hivyo mjini Nairobi. Viwanda vinavyotaka kuuza Zanzibar, Komoro, Oman na nchi za Ghuba vinafahamu kwamba bila cheti huenda mlango wa soko ukafungwa. Na huko Indonesia, sheria namba 33 ya mwaka 2014 imekifanya cheti kuwa cha lazima. Tangu Oktoba 2024 sharti hilo linawabana watengenezaji wakubwa na wa kati wa vyakula na vinywaji. Asiye na bidhaa ya halali hakatazwi kuuza, ila aandike wazi kwamba si halali.

Usichanganye muhuri huo na alama ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa vyakula. Alama ya TBS inashuhudia kwamba bidhaa imefikia kiwango cha ubora na usalama. Haisemi mafuta yake yametoka kwa mnyama gani, wala mnyama huyo amechinjwa na nani. Hali kadhalika muhuri wa halali, ukiwa peke yake, usikufanye uache kutazama tarehe ya kuharibika. Mashahidi hawa wawili kila mmoja anasema lake, na mlaji anawahitaji wote wawili.

Na hapa pana jambo linalostahili kutufikirisha. Tangu mwaka 1989, akina mama wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya Zanzibar wamekuwa wakilima mwani kwa ajili ya biashara. Maelfu ya tani za mwani mkavu husafirishwa ng’ambo kila mwaka. Huko hutolewa kitu kiitwacho karajini, kinachoandikwa E407, ambacho hugandisha maziwa na vitamutamu na katika kazi nyingi hushika nafasi ya geletini. Hakina mnyama ndani yake, hakina machinjo, hakina hitilafu ya madhehebu. Tunakiuza kikiwa magunia, kisha hurejea kwetu kikiwa namba katika kopo, na mwokaji wa Dar es Salaam hajui kwamba dawa ya tatizo lake imeota mbele ya mlango wa shangazi yake huko Unguja.

WEWE UFANYE NINI

Kwanza, soma. Katika pakiti, vitu huorodheshwa kwa kufuata uzito, kizito mwanzo na chepesi mwisho. Vya shaka mara nyingi vimo mistari ya mwisho. Ukiona geletini isiyotajwa asili yake, au E471 bila neno la mimea, na hapana muhuri, una haki ya kuuliza.

Pili, ukiona muhuri, tazama ni wa nani. Neno “halali” lililochapwa tu kwa rangi ya kijani, bila jina la aliyekagua, ni mwenye mali anajishuhudia mwenyewe. Huenda ni mkweli. Lakini huo si ushahidi wa mtu wa pili. Cheti kilichotundikwa ukutani nacho kina tarehe, kina jina la bidhaa na kina mahali. Cheti cha tawi moja si cha matawi yote, na cha mkate si cha soseji inayouzwa kando yake.

Tatu, usieneze usilolijua. Simu zetu zimejaa orodha za namba za E zinazodaiwa kuwa ni za nguruwe, na nyingi zinawatia makosani wasio na kosa. E322 aghalabu ni ya soya, nayo imo katika orodha hizo za vitisho. Kukihalalisha kilicho haramu ni kosa. Kukiharamisha kilicho halali nako ni kosa, na katika kosa hilo la pili kuna mfanyakazi anayepoteza kazi na mwokaji anayekosa riziki. Penye shaka ya kweli, kuacha ni salama. Penye uvumi, uliza kwanza.

Nne, nasema na wewe uliye mfanyakazi wa kiwanda cha mikate. Mkaguzi huja siku moja kwa mwaka, pengine mbili. Siku nyingine zote shahidi ni wewe unayesimama kwenye pipa la kukandia. Ikifika alfajiri mafuta ya kawaida yamekwisha, na dereva akaleta makopo ya jina jingine kwa kuwa yamepatikana rahisi, wewe ndiwe wa kwanza kuona mfuko umebadilika. Kusema wakati huo si kumchongea mwajiri. Ni kumwokoa, kwani bidhaa ikirudishwa kutoka madukani, hasara humfika yeye nawe pia.

Tano, mwokaji mdogo asikate tamaa kwa kukosa cheti. Yeye ana kitu ambacho kiwanda hakina: anaweza kumwonyesha mteja kila kitu. Unga huu hapa, mafuta haya hapa, arki hii isiyo na kilevi hii hapa. Mahali macho yanapofika, muhuri si lazima.

Jirani yangu alijifunza hayo. Baada ya siku ile alikwenda Kariakoo akasoma ndoo moja baada ya nyingine, akamsumbua muuza duka hata akapata ya namna isiyo na geletini, iliyogandishwa kwa vitu vya mimea. Kisha akachukua karatasi nyeupe, akaandika kwa mkono vitu vyote anavyotumia na vilikotoka, akaibandika ukutani karibu na oveni. Aliyoyabadilisha hayakumgharimu sana. Kilichomgharimu zaidi ni ile arusi iliyompita.

Baada ya muda bibi yule alirudi, safari hii kwa ajili ya akika ya mtoto wa yule yule kijana. Alimwamuru mjukuu wake wa kike amsomee karatasi ya ukutani yote, polepole, tangu juu hata chini. Alipokwisha akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanyosha kidole mezani.

“Na burashi, mwanangu?”

Mwokaji akacheka, akainua kijiti kilichofungwa kitambaa cheupe, kisafi, kilichotoka kuchemshwa asubuhi ile. Bibi naye akacheka, akafungua pindo la kanga yake, akatoa fedha za kutangulizia.